Leo Nani Kakufaa?

Msimu wa karafuu kazi haiishi jua likizama. Mchana ni kuchuma, usiku ni kuchambua. Nyumbani kwa bibi yangu, shamba, nje kidogo ya Wete, Pemba, watu walikuwa wakijaa ukumbini baada ya Isha. Jamvi limetandikwa, vishada vya karafuu vimemwagwa katikati, kandili limewekwa juu ya kinu kilichofudikizwa ili mwanga uwafikie wote. Unachukua kishada, unakibana kiganjani, unazikonyoa karafuu, makonyo unayatupa upande wake. Baada ya muda vidole vinaingia weusi, na harufu haitoki hata ukivisugua kwa sabuni. Asubuhi ukila andazi unaonja karafuu.

Katikati ya kazi hiyo, macho ya watoto yakianza kulegea, ndipo bibi alipoleta swali lake. "Haya, leo nani kakufaa?" Tulijibu kwa zamu, kuanzia mdogo. Jawabu lilitakiwa liwe na mtu na jambo: fulani kanishika mkono kwenye utelezi, fulani kanigawia embe, mwalimu wa chuo cha Kurani kanirejelea somo bila ya kunipiga. Siku nilipokuwa mvivu wa kufikiri nilijibu, "Mungu." Hakukasirika. Alisema, "Mungu hatuna shaka naye, mjukuu wangu. Leo kamtuma nani?"

Miaka mingi nilidhani lile ni pumbao la kututoa usingizi mpaka karafuu ziishe. Sasa ni mtu mzima, nakaa mjini Unguja, ghorofani, na kila ninapokutana na mazungumzo ya kushukuru kabla ya kulala narudi kwenye jamvi lile. Mazungumzo yenyewe siku hizi yamejaa, redioni na kwenye simu, hata yapo madaftari maalumu yanayouzwa kwa kazi hiyo. Naamini bibi alikuwa ameshika jambo ambalo wengi wanaoihubiri shukrani leo wanalipita kando, na ambalo sisi tuliolirithi tumelila nyama tukabakisha ganda.

Jambo lenyewe ni hili. Shukrani inayomtuliza mtu kitandani ni ile yenye jina ndani yake: nani, kafanya nini, kwa nini. Ikikosa jina hubaki sauti, na sauti peke yake haishindani na mawazo ya usiku. Tena shukrani isiyo na jina ni rahisi kuokotwa na mtu mwengine akaifanya kizibo cha kukuzibia mdomo.

Tuanze na kichwa chenyewe. Mchana mtu ana vingi vya kumpumbaza: daladala imejaa, mteja anasubiri, simu inalia, sufuria iko jikoni. Ukishusha chandarua vyote hivyo vinakatika kwa mara moja. Hapo ndipo lile neno uliloambiwa saa nne asubuhi linaporudi, tena limenona. Unalijibu upya. Unatafuta jawabu kali zaidi kuliko ulilolitoa. Wahenga walisema usiku wa deni haukawii kucha, na aliyewahi kulala akidaiwa dukani hahitaji kufafanuliwa.

Mwaka 2001 mwanasaikolojia wa Marekani, Roy Baumeister, na wenzake walizikusanya tafiti nyingi zilizofanywa na watu mbalimbali juu ya mambo mema na mabaya yanavyomgusa binadamu: katika ndoa, katika kujifunza, katika kumbukumbu. Walilolikuta ni kwamba baya lina nguvu kuliko zuri. Kashfa moja hukaa moyoni kuliko sifa kadhaa. Hasara huuma kuliko faida ya kiasi hichohicho inavyofurahisha. Kwa hiyo mtu akikiacha kichwa chake kijiendee usiku, hakitagawa mema na mabaya sawa kwa sawa. Kitaokota miiba. Kushukuru kabla ya kulala kunasawazisha mizani iliyokwishalala upande mmoja tangu mwanzo, na ndiyo maana sikubaliani na wanaosema ni kujidanganya.

Ushahidi juu ya usingizi wenyewe upo. Mwaka 2009 Alex Wood na wenzake nchini Uingereza waliwauliza watu 401 juu ya tabia yao ya kushukuru na juu ya usingizi wao. Karibu asilimia 40 kati yao walikuwa na tatizo la usingizi. Waliokuwa na moyo wa shukrani zaidi walilala vizuri zaidi, walilala muda mrefu zaidi, na walichukuliwa na usingizi upesi zaidi. Watafiti walipotafuta ni kwa njia gani, walikuta kwamba kinachobeba athari hiyo ni mawazo ya dakika za mwisho kabla ya usingizi. Mwenye shukrani alikuwa na mawazo mazuri zaidi na mabaya machache zaidi akiwa ameshalala kitandani.

Huo ni uchunguzi wa kuuliza, na mtu anaweza kusema: labda aliyelala vizuri ndiye anayepata moyo wa kushukuru. Ni haki kusema hivyo. Lakini kabla ya hapo, mwaka 2003, Robert Emmons na Michael McCullough walikuwa wameshafanya majaribio. Kundi moja la wanafunzi liliandika mambo ya kushukuru, jengine liliandika kero, jengine matukio ya kawaida. Katika jaribio lao la tatu walichukua watu wenye maradhi ya misuli na mishipa ya fahamu, watu wenye sababu ya kweli ya kulalamika, wakawataka waandike kwa siku 21. Walioandika shukrani walisema wamelala saa nyingi zaidi na wameamka na nguvu zaidi kuliko wenzao ambao hawakuandika. Kilichonigusa zaidi ni kwamba hata wake na waume zao, walipoulizwa pembeni, waliliona badiliko.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2005, Martin Seligman na wenzake wakawapa watu zoezi la wiki moja: kila usiku andika mambo matatu yaliyokwenda vizuri leo, na kila moja lieleze sababu yake. Miezi sita baadaye athari ilikuwa bado inaonekana, hasa kwa walioendelea wenyewe bila ya kulazimishwa. Watu wanaolisimulia zoezi hili hutaja "mambo matatu" wakaishia hapo. Mimi naona uzito wake umo katika kile kipande cha pili, sababu. Ukiandika "leo nimekula vizuri" umeandika habari. Ukijiuliza kwa nini, unamkuta dada yako aliyetoka sokoni Darajani na changu wawili, akakumbuka kwamba wewe hupendi nguru, akautia ukwaju mchuzi wako peke yake. Sasa hapo kuna mtu wa kulala ukiwa naye moyoni. Bibi alikuwa anaulizia sababu ileile kwa maneno mawili: kamtuma nani?

Nisije nikauza zaidi ya kilichomo dukani. Mwaka 2021 David Cregg na Jennifer Cheavens, wa Chuo Kikuu cha Ohio State, walizipitia tafiti 27 zenye jumla ya washiriki 3,675, wakaona mazoezi ya shukrani yanapunguza sonona na wasiwasi kwa kiasi kidogo tu, na wakashauri kwamba anayetaka kutibiwa maradhi hayo atafute tiba yenye nguvu zaidi. Nawasadiki. Mtu asiyelala kwa wiki, asiyekula, anayeona maisha hayana haja, asipewe daftari. Apelekwe kwa daktari. Hospitali ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu ipo kwa ajili hiyo, na si aibu kuingia lango lake.

Sasa tuje kwetu, maana hapa ndipo panaponiuma.

Muislamu wa visiwa hivi akilelewa vizuri hana haja ya kufundishwa na mtu kwamba mtu hulala na shukrani. Dua tuliyofundishwa, aliyoipokea sahaba Anas na ambayo Imam Muslim ameiandika katika kitabu chake cha hadithi, inasema: sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu aliyetulisha, akatunywesha, akatutosheleza, akatupa pa kukaa, ni wangapi hawana wa kuwatosheleza wala wa kuwapa makazi. Itazame ilivyojengwa. Haisemi "asante kwa yote." Inataja chakula, kisha maji, kisha haja zilizotimizwa, kisha paa la nyumba, halafu inamkumbusha mtu wale walio nje usiku ule. Ni dua ya vitu vya kushikika. Mtu anaweza kuisoma huku akiuona wali wa usiku ule, na mtungi, na bati linalopigwa na mvua.

Na kuna ile tasbihi ya Subhanallah 33, Alhamdulillah 33 na Allahu Akbar 34. Tunaijua kwa hesabu yake. Kisa chake tunakipita mbio. Bibi Fatima, binti wa Mtume, alikuwa na mikono iliyoumizwa na jiwe la kusagia. Alikwenda kwa baba yake kuomba mtumishi, hakumkuta, akaacha maneno. Mtume akaja usiku, mtu na mumewe, Ali, wameshalala, akawazuia wasiinuke, akakaa kati yao, hata Ali akasimulia kwamba aliusikia ubaridi wa miguu yake kifuani. Ndipo akawafundisha maneno yale na kuwaambia ni bora kwao kuliko mtumishi. Ali alisema hakuyaacha tangu siku ile, hata usiku wa vita vya Siffin.

Nataka msomaji abaki kidogo na mikono ile. Fatima alilalamika, na malalamiko yake hayakuitwa kufuru. Baba alitoka nyumbani kwake usiku kwa ajili yake. Hakumtumia salamu kwamba "mwambieni ashukuru." Alikaa naye kwanza, tena karibu kiasi cha ubaridi wa miguu kusikika, ndipo akampa la kusema. Wengi wetu tunapompa mtu aliyechoka maneno ya shukrani tunaanzia mwisho wa kisa hiki.

Halafu kuna ulimi wetu. Msikilize Mzanzibari anavyosalimiwa: Hujambo? Sijambo. U hali gani? Alhamdulillahi. Watoto? Hawajambo. Kazi? Tunashukuru. Wakati huohuo anaweza kuwa na mgonjwa Mnazi Mmoja na mfukoni hana nauli ya kurudia. Naipenda heshima hii. Inampa mtu nafasi ya kuamua mwenyewe lini afunue shida yake na kwa nani. Lakini neno linalotoka mara arubaini kwa siku bila ya kuguswa na kitu huzoea kutoka hivyo. Likifika usiku halina tena mlango wa kuingilia moyoni. Nakiri haya kwa nafsi yangu. Nimewahi kukamilisha mia yote ya tasbihi ile kwa vidole, huku moyoni natunga ujumbe wa kumtumia ndugu aliyeniudhi kwenye kundi la ukoo juu ya shamba la urithi. Vidole vilikuwa Alhamdulillahi ya thelathini na moja. Moyo ulikuwa kwenye mipaka ya shamba.

Imam Ghazali aliigawa shukrani sehemu tatu: elimu, hali na kitendo. Kwanza mtu aijue neema na aliyeileta, kisha moyo ufurahike kwayo, kisha viungo vitende jambo. Kwa mpangilio huo, ulimi unaotangulia bila ya elimu hauna cha kuufurahisha moyo, na moyo usiofurahika haumwinui mtu kesho asubuhi kwenda kumwambia mwenzake ahsante. Na Mtume amesema asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Nadhani bibi, ambaye kusoma kwake kulikuwa msahafu na maulidi, alikuwa akitufanyisha kazi hadithi hii juu ya jamvi. Kwa kutulazimisha tumtaje mtu, alikuwa anatuonesha njia ambayo neema imepitia.

Simu nitaisema kwa ufupi, maana lawama zake zinajulikana. Kinachoniudhi ni nafasi iliyoichukua. Dakika zile ambazo zilikuwa za dua, au za mke na mume kuzungumza, sasa ni zake: tangazo la msiba, picha za ajali, mabishano ya siasa, kisha taa inazimwa. Tunampa mtu tusiyemjua haki ya kuchagua wazo letu la mwisho la siku.

Kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja ilikaa bila ya umeme, kebo ya chini ya bahari itokayo bara ilipoharibika mitambo yake. Siitamani miezi ile irudi. Pampu za maji zilisimama, samaki walioza, wanawake walibeba ndoo mpaka migongo ikawauma, wenye biashara ndogo walifilisika. Nakumbuka pia kwamba vichochoroni kwetu Ng'ambo watu walikaa barazani mpaka saa nne za usiku, kila mtu akisimulia siku yake: nani kampa maji ya kisima chake, nani ana jenereta na kakubali kuchaji simu za mtaa mzima. Watu waliingia ndani wakiwa wameshaizungumza siku. Tuliagana kwa maneno ya wazee, "Alamsiki," na mwengine anajibu, "Binuru," katika giza la kutojiona viganja.

Kisa hicho kinanionesha jambo ambalo madaftari hayalisemi. Wale waliofanya majaribio niliyoyataja waliwapa watu kalamu na karatasi, na karatasi hujazwa na mtu peke yake. Kwetu, hesabu ya siku ilikuwa ikifanywa kwa mdomo, mbele ya watu wanaomjua unayemtaja. Ukisema fulani kakufaa, yupo wa kukuambia kwamba fulani huyo hata yeye ana shida, mwangalie kesho. Sina ugomvi na daftari, na anayekaa peke yake limfae. Lakini nyumba yenye watu watano, kila mmoja akaandika shukrani zake chumbani kwake mlango umefungwa, imekosa kitu ambacho kilikuwa kwenye jamvi la bibi.

Nimesema shukrani isiyo na jina huokotwa. Nieleze.

Niliwahi kufanya kazi mahala ambapo mishahara ilichelewa miezi miwili. Tulipokwenda kuuliza tulijibiwa, "Shukuruni mna kazi, wangapi hawana?" Maneno yaleyale ya dua ya kulala, ni wangapi hawana, yamegeuzwa upande. Katika dua mtu anayasema mwenyewe, kitandani, ili moyo wake ulainike kwa wasionacho. Hapa aliyashika mwenye deni ili mwenye haki yake anyamaze. Nililala siku nyingi na jibu lile, na nakumbuka aibu niliyoisikia, kana kwamba kudai haki yangu kumenifanya mtovu wa shukrani.

Mwanamke mmoja wa pwani ya mashariki, mkulima wa mwani, alinisaidia kulifungua fundo hili. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, na wengi wa wanaokifanya ni wanawake. Wanaingia baharini wakati wa bamvu, maji yakitoka mbali, wanainama saa nyingi wakifunga mbegu kwenye kamba zilizoshikwa na vijiti, chumvi inakula vidole na jua linawapiga mgongoni. Ile aina ya mwani yenye bei nzuri imekuwa ikifa kadiri bahari inavyozidi joto, wengi wamebaki na ile ya bei ndogo. Nilimuuliza kama huwa anashukuru akilala. Alinitazama kama niliyeuliza swali la mtoto. "Kila siku. Namshukuru Mungu kwa bahari, namshukuru mwenzangu aliyenishikia kamba leo maji yalipokuwa na nguvu. Bei haikutoka baharini. Ya bei nitayasema kwa mnunuzi."

Kwa kuwa shukrani zake zina majina, hazichanganyiki na madai yake. Anajua nani kamfaa na nani hajamfaa. Angekuwa na shukrani ya jumla, ya "asante kwa yote," bei ndogo nayo ingeingia humo ndani, ikasamehewa bila ya kuombwa radhi.

Bibi naye hili alilijua, kwa njia yake. Ulikuwepo usiku ambao mtoto alijibu kwa hasira, "Leo hakuna mtu." Hakumwambia fikiri tena. Alisema, "Basi nambie aliyekuudhi, tuanze na huyo." Mtoto akasema yake, akalia kama ni wa kulia, wakubwa wakasikiliza huku wanakonyoa karafuu. Mara nyingi baada ya hapo, bila ya kuulizwa tena, jina jema lilitoka lenyewe.

Nilikumbuka utaratibu huo niliposoma jaribio la Michael Scullin na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, la mwaka 2018. Vijana 57 walilazwa maabara, usingizi wao ukapimwa kwa mashine. Kabla ya kulala waliandika kwa dakika 5: nusu waliandika mambo wanayotakiwa kuyafanya siku zijazo, nusu waliandika waliyokwishayamaliza. Walioandika yanayowangoja walichukuliwa na usingizi kiasi cha dakika 9 mapema zaidi, na kadiri walivyoyaeleza kinaganaga ndivyo walivyowahi kulala. Kwa haraka haraka jaribio hili linaonekana kuipinga shukrani, maana kuyahesabu yaliyokwisha kumeshindwa. Sidhani hivyo. Kuhesabu kazi ulizomaliza ni kujisifu mbele ya nafsi yako, na nafsi haijatulizwa na sifa zake. Ninalolichukua ni kwamba mzigo wa kesho huwa unapiga kelele mpaka uwekwe pahala, kwa jina lake, ndipo jema lipate kusikika. Dini nayo imetangulia hapo: Muislamu mwenye jambo la kuusia hapaswi kulala siku mbili ila wasia wake umeandikwa. Deni, amana, ahadi, viandikwe. Mtu akishaviweka kwenye karatasi, kichwa kinaruhusiwa kuviachia.

Kwa hiyo utaratibu ninaoushika mimi una hatua hizo. Kwanza la kesho naliandika, hata kama ni "mpigie fundi wa bomba." La kuudhi nalitaja kwa mke wangu, si kwa kundi la ukoo. Halafu ndiyo lile swali.

Na zipo nyakati ambazo swali haliulizwi. Septemba 2011, ilipozama MV Spice Islander ikielekea Pemba, ule mkondo wa karibu na Nungwi ulichukua watu ambao sisi tuliwajua kwa sura na kwa majina. Nilikwenda Wete wiki ile. Bibi alikuwa mzee sana, na alikuwa akisoma tu, usiku baada ya usiku, hakuuliza mtu kitu. Hakuna aliyesema tushukuru. Ni baada ya siku nyingi, tumekaa uani baada ya Isha, kimya, mmoja wa wajukuu ndiye aliyemuuliza yeye. Alikaa muda mrefu. Akasema, "Wavuvi wa Nungwi. Waliingia baharini hawajui wanamfuata mtoto wa nani." Kisha akarudi kwenye uradi wake.

Mwaka jana nilianza kumuuliza binti yangu, ana miaka minane, anasoma darasa la tatu. Mwanzo alinitajia rafiki yuleyule kila siku, jambo lilelile la kugawiwa mkate. Sikumsahihisha. Siku hizi majina yamekuwa mengi, na baadhi siwajui: mlinzi wa skuli, dereva aliyewangojea wavuke, mtoto wa jirani ambaye walikuwa wamegombana. Wiki mbili zilizopita, nimeshamshushia chandarua, akaniuliza yeye.

"Na wewe baba, leo nani kakufaa?"

"Alhamdulillahi, mwanangu, siku imekwenda salama."

"Nani lakini?"

Ilibidi nikae kwenye ukingo wa kitanda nitafute. Siku yenyewe ilikuwa mbovu. Nilirudi nyuma tangu usiku, magharibi, alasiri, mpaka nikafika asubuhi, pale Malindi, nilipokuwa nashuka kwenye daladala nina mzigo mkononi na mvua imeanza. Mzee muuza kahawa, simjui jina, alikuwa ameshaanza kukunja vitu vyake. Aliinua mkono akaniita, akasogeza mabuli yake pembeni ili makaratasi yangu yakae pakavu chini ya turubai lake. Tulisimama pale kiasi cha robo saa. Hatukuzungumza kitu. Nilikuwa nimemsahau kabisa mpaka swali lilipokuja.

Nikamwambia binti yangu. Akauliza kama nilimpa ahsante. Nikasema nadhani nilimpa. Akasema, "Kesho."

Asubuhi nilipita. Mzee alinitazama usoni, akatikisa kichwa. Mvua ile aliikumbuka, mimi hakunikumbuka. Nikamweleza makaratasi, turubai, mabuli. Akasema, "Ah, hilo," akafuta kikombe kwa kidole gumba, akanimiminia kahawa.